Magunia Yangu Yasiyo Yangu

Jumatatu, 2 Desemba

Upepo tangu alfajiri. Vumbi lote la mtaa wetu wa Mandewa limehamia kwenye kikombe changu cha chai.

Shemeji Leonidas kapiga simu mara tatu. Sikupokea. Simu ina masikio mawili: moja lako, la pili la mtu usiyemjua.

Daftari hili ni jipya. Juu nimeandika CHANJO ZA KUKU ili mtu asipate hamu ya kulifungua. Ndani nitaandika ukweli. Mwenye mali lazima awe na mahali pamoja pa kusema ukweli, na mahali hapo si ofisi ya kodi.

Ukweli ni huu. Mimi Antipasi, miaka hamsini na nne, Mnyiramba wa Kiomboi niliyehamia Singida mjini, mwenye mashine moja ya kukamua alizeti, nina milioni kumi na mbili. Jasho la misimu mitatu. Haziko benki, benki wanaandika. Haziko kwenye simu, nimeshasema. Haziko chini ya godoro, kwa sababu mke wangu Yustina hutandika kitanda kila siku, tena kwa bidii ya kutia shaka. Mwezi wa saba nilizigeuza zote kuwa alizeti. Magunia mia na sitini, kila moja elfu sabini na tano. Yamelala ghalani kwa Leonidas, kaka yake Yustina, kule Mtinko. Mwisho wa mwaka alizeti hupanda bei. Nitauza. Kabla ya hapo, akija mtu kuuliza Antipasi ana nini, ataambiwa ana mashine mbovu na ndevu.

Watu wote wanajua magunia ni ya Leonidas. Hatukuandikiana. Yeye mwenyewe alitaka tuandikiane, akasema shemeji, leo tupo, kesho hatupo. Nikakataa kabisa. Karatasi ni shahidi anayenyamaza miaka kumi halafu anaongea siku ya kesi.

Lakini leo nimewaza mchana kutwa. Kwa nini alitaka karatasi?

Jumanne, 3 Desemba

Mkanda wa mashine umekatika. Nikaenda mjini kwa Mzee Bhagwanji. Anauza vipuri tangu enzi za baba yake, na mimi ni mteja wake tangu nina nywele.

Nikamwamkia, akaitikia, akanipa mkanda, akapunguza bei kabla sijaomba. Nikashtuka. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba tarehe thelathini na moja ndiyo mwisho wa awamu ya nne ya kodi, na kwamba mjukuu wake Shreya ni mhasibu, karudi kutoka Dar, na wateja wa zamani anawasaidia makadirio yao bure.

Bure! Mwenye duka akitoa kitu bure, ujue kitu hicho kimeshalipiwa mahali pengine.

Nilikubali ili nijue wao wanajua nini. Binti akaniamkia shikamoo vizuri sana, akanipa kiti. Akauliza mashine inafanya kazi siku ngapi kwa wiki. Nikamwambia mbili. Siku nyingine inaumwa. Akaandika. Akauliza kama nina risiti za umeme. Ninazo zote, ziko kwenye mfuko wa koti, kwa sababu siwezi kuacha karatasi yangu mahali. Nikampa, nikidhani anataka tu kuhakikisha nina umeme.

Akajumlisha. Akaangalia juu. Akasema kwa upole: "Mzee, kwa umeme huu, ama unakamua siku sita kwa wiki, ama unachemsha Ziwa Singidani."

Nikamwambia mke wangu anapenda sana kupiga pasi.

Mzee Bhagwanji alicheka mpaka akashika kaunta. Alipopata pumzi akasema yeye ameona noti zikibadilika, bei ya mafuta ikipanda na kushuka, sheria za biashara zikija mpya kila bajeti, na katika yote hayo kitu kimoja hakijabadilika: aliyelipa analala. Shreya akanionyesha hesabu. Laki nne na elfu themanini kwa mwaka mzima, na kwa kuwa sijalipa awamu hata moja, inabidi nizilipe zote pamoja na faini kidogo ya kuchelewa.

Laki nne na themanini! Nikasema nitafikiria. Nikanyakua risiti zangu, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikajikuta kwenye uwanja wao wa kufulia. Shanta, mke wa Bhagwanji, akanifungulia geti bila kuuliza. Familia nzima imejipanga.

Jumatano, 4 Desemba

Yustina amezungumza na Leonidas kwenye simu, dakika kumi na nne, kwa Kinyaturu.

Nimeoa Unyaturu miaka ishirini na sita. Kinyaturu nakijua cha kusalimia na cha kula. Cha siri sijafundishwa. Nilisimama nyuma ya tangi la maji. Katika dakika zote hizo nilishika maneno matatu tu: magunia, karatasi, na jina langu. Jina langu lilitajwa mara sita, na mara ya sita alivuta pumzi.

Akageuka, akaniona. Papo hapo akahamia Kiswahili, akamuuliza kaka yake kama mvua imenyesha Mtinko. Mvua! Dakika kumi na nne za mvua!

Wakati wa kula akaniambia Leonidas ananitafuta, kuna mnunuzi mkubwa kutoka Mwanza anapita vijijini. Nikamuuliza huyo mnunuzi kajuaje kuna magunia. Akasema ghala linaonekana, Baba Anastasia, si sindano. Nikamuuliza mbona anajua mengi kuhusu ghala. Akanyanyua sahani yangu ikiwa bado na nyama.

Ijumaa, 6 Desemba

Leonidas kaja mwenyewe. Kapanda bodaboda toka Mtinko, kajaa vumbi mpaka kwenye kope. Nikampokea nje, ndani kuna madirisha.

Kasema mnunuzi anatoa laki moja na elfu kumi kwa gunia. Taslimu. Lori lake mwenyewe, wapakiaji wake mwenyewe. Ila anataka jibu leo kabla ya jioni, maana anaondoka kwenda Kondoa.

Nilikuwa karibu kufurahi. Hesabu ilikuwa inaanza kujipanga kichwani. Nikajizuia. Kwa nini ana haraka? Mtu mwenye haraka na magunia yasiyo yake ameshayauza, sasa anatafuta baraka. Tena kama Mwanza wanatoa laki na kumi leo, Krismasi watatoa laki na hamsini. Nani asiyejua hilo? Leonidas ndiye asiyejua? Au anajifanya?

Nikamwambia tunasubiri Krismasi.

Leonidas akavua kofia, akaiangalia ndani kama mtu aliyesahau kitu humo. Akasema anavyoona yeye, wanunuzi wakishajaza maghala bei itaanguka. Lakini sawa shemeji, mali ni yako.

Mali ni yako! Kasema kwa sauti, barabarani, muuza vitunguu akiwa hatua tano! Nikakohoa kwa nguvu kufunika lile neno, lakini lilikuwa limeshatoka. Muuza vitunguu akanipa pole ya kifua.

Jumapili, 8 Desemba

Siku mbaya.

Tulikwenda Mtinko, mimi na Yustina, kwenye harambee ya mabati ya kanisa. Sikwenda kwa ajili ya mabati. Nilikwenda kuangalia ghala kwa nje. Kufuli ni jipya. Kwa nini jipya?

Baada ya misa, ahadi. Huyu mfuko wa saruji, yule kuku wawili. Ikafika zamu ya Leonidas. Kasimama, kofia mkononi, kasema kwa unyenyekevu kabisa: magunia kumi ya alizeti.

Kanisa likalipuka. Vigelegele. Ngoma. Mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu Mungu kambariki kweli, ghala limejaa, magunia mia na zaidi. Padri akamwita mkulima wetu mkubwa. Mkulima mkubwa! Wanaume wakapanga mstari kumpa mkono. Mwenyekiti wa ushirika akamwambia mbele ya watu kwamba uchaguzi ujao wanamtaka kwenye kamati. Na mimi nimekaa benchi la tatu, mwenye yale magunia, napiga makofi kwa mali yangu.

Ningesema nini? Nikisimama niseme ni yangu, kesho Singida mjini nzima inajua.

Kisha katekista akanigeukia, akauliza shemeji wa mkulima wetu, mgeni wetu kutoka mjini, naye anasemaje. Nikatoa elfu tano. Katekista akaendelea kungoja. Yustina akafungua kitambaa chake, akatoa elfu ishirini, akaongeza juu yangu bila kuniangalia.

Elfu ishirini kazitoa wapi?

Hilo ndilo nililomuuliza tulipokuwa tunatoka stendi kurudi nyumbani. Pamoja na mengine. Nilimuuliza habari ya simu, ya kufuli, ya karatasi. Nilimuuliza wamepanga kugawanaje, yeye na kaka yake. Hilo la mwisho labda nililisema kwa sauti kubwa.

Akasimama katikati ya njia na kikapu chake. Akasema pesa ni ya mayai yake. Akasema kwa sauti ya chini, si ya hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha: "Miaka ishirini na sita, Baba Anastasia. Hujanilaza njaa hata siku moja. Na hujaniamini hata siku moja."

Nilikuwa na swali, lakini nikaliacha.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Yustina kaondoka asubuhi kwenda Mtinko. Kasema wanapanda mtama, Leonidas anahitaji mikono. Kachukua begi dogo. Begi la kupanda mtama?

Nimejipikia ugali. Umekuwa wa aina mbili, juu uji na chini jiwe. Nimeula wote, ili usibaki ushahidi.

Anastasia, binti yetu aliyeko chuo cha uuguzi Dodoma, kanitumia ujumbe: baba umemfanya nini mama. Habari imeshafika Dodoma! Kwa hiyo wapo watatu.

Nimepata uamuzi. Ng'ombe anayekaa zizi la jirani huzaa ndama wa jirani. Nitayarudisha magunia nyumbani kabla hayajawa mabati yote.

Jumanne, 10 Desemba

Nimeongea na Simoni, dereva wa lori. Laki sita kwa safari, pamoja na wapakiaji. Mwizi. Akaniuliza mzigo ni wa nani. Nikamwambia akiulizwa na yeyote njiani, ni mzigo wa Mzee Leonidas wa Mtinko, na mimi nimeomba lifti. Akauliza kama nataka turubai, elfu arobaini zaidi. Nikaangalia mbinguni. Bluu tupu, toka Mandewa hadi peponi. Watu hawa wanadhani mtu akiwa na mali hana macho. Nikakataa.

Alhamisi, 12 Desemba

Jana sikuandika. Jana sikuweza kushika kalamu. Nitaeleza kwa mpangilio, kama nilivyoambiwa jana nilipokuwa nikihojiwa: "Mzee, eleza kwa mpangilio."

Tulifika Mtinko saa nne asubuhi. Nilichagua saa hiyo kwa akili, Leonidas na Yustina wakiwa shambani. Nyumbani alikuwepo mke wa Leonidas peke yake. Nikamwambia nimeagana na mumewe kuchukua mzigo. Hakuuliza neno. Akanipa ufunguo, akaenda kutupikia uji. Ufunguo wa ghala zima unatolewa kama chumvi! Nikazidi kuwa na wasiwasi.

Nikafungua. Nikahesabu. Mia na sitini. Nikahesabu tena, kwa vidole, kwa chaki. Mia na sitini, yote yana alama yangu ya msalaba mwekundu. Pembeni, kwenye kona yake, magunia mengine kumi, yameshonwa kwa kamba ya bluu. Ya Leonidas mwenyewe, ya shamba lake. Yale ya kanisa.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mwizi gani huyu asiyeiba?

Nikaamua ni mtego, nikaagiza wapakie upesi. Uji sikunywa. Tukaondoka.

Mvua ilianza tukiwa na nusu saa barabarani. Si mvua ya manyunyu. Matone kama kokoto, upepo unaiingiza mpaka ndani ya kibanda cha dereva. Simoni aliniangalia tu, na kuniangalia kwake kulikuwa na thamani ya elfu arobaini za turubai.

Tukafika kwenye geti la ushuru wa mazao. Afisa ni dada mmoja mstaarabu, anaitwa Editha. Akaniamkia, akaomba stakabadhi ya ushuru. Nikamwambia mimi abiria. Akamgeukia Simoni, Simoni akasema kama nilivyomfundisha, mzigo wa Mzee Leonidas wa Mtinko. Uso wa Editha ukafunguka. Mzee Leonidas! Nani asiyemjua, si yule wa magunia kumi ya kanisa? Ngoja tumpigie mzee, alete stakabadhi, msikae sana kwenye mvua.

Akampigia. Nikasikia upande mmoja tu. Ndiyo mzee. Magunia mia na sitini. Hapana? Hukutuma lori? Huna habari?

Akakata simu. Akanitazama upya, kuanzia viatu. Akamwita mgambo.

Nilikaa kwenye benchi la geti kwa saa mbili na nusu, mgambo pembeni yangu na kirungu chake, nikituhumiwa kuiba magunia yangu mwenyewe. Na nilikuwa nimeshasema mara tatu, mbele ya mashahidi, kwamba si yangu! Nikisema sasa ni yangu, ni uongo wa kwanza au wa pili? Mgambo alikuwa mtu mwema. Alinipa nusu ya muhogo wake. Akanishauri, mzee, kwa umri wako, acha hii kazi.

Mbele yetu lori lilikuwa linanyeshewa. Nilikuwa nikiliona gunia la juu kabisa. Lilikuwa linavimba.

Ndipo wakaja. Bodaboda moja, Leonidas mbele, Yustina nyuma, matope hadi magotini, wametoka shambani walivyo. Leonidas alikuwa amebeba bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya shati. Akampa Editha.

Editha akasoma kwa sauti. Stakabadhi ya ushuru wa mazao, magunia mia na sitini, shilingi laki tatu na elfu sitini, imelipwa ofisi ya kijiji mwezi wa saba. Jina la mwenye mzigo: Antipasi.

Jina langu! Kwenye kitabu! Tangu mwezi wa saba! Miezi mitano nimetembea kwa kuchuchumaa, kumbe kijiji kinanijua!

Kulikuwa na karatasi nyingine pia. Mwandiko wa Leonidas, mkubwa, wa mtu aliyeishia darasa la saba: kwamba magunia haya ni mali ya shemeji yangu Antipasi, nimeyahifadhi tu, nikifa apewe yeye au watoto wake. Shahidi, Yustina. Muhuri wa mtendaji wa kijiji.

Editha akauliza, sasa huyu mzee aliyesema ni abiria ni nani. Nilingoja Leonidas aniumbue. Ilikuwa haki yake. Akafuta maji usoni, akasema: "Huyu ndiye Antipasi mwenyewe, dada yangu. Huwa anasahau."

Mgambo akanipa mkono wa pole.

Nikamuuliza Yustina baadaye ile laki tatu na sitini ya ushuru ilitoka wapi, maana mimi sikuitoa. Akasema Leonidas aliuza dume lake jeusi la ng'ombe. Walijua nikiambiwa nitakataa, na wakajua siku nikikamatwa nitalia. Ndizo zilizokuwa simu za Kinyaturu. Akaniambia bila kupandisha sauti, kisha akapanda bodaboda na kaka yake, wakarudi kumalizia mtama.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimeanika alizeti uani, kwenye paa, kwenye barabara ya jirani. Magunia thelathini yamelowa hadi katikati, yanatoa harufu ya soksi. Kuku wa mtaa mzima wamehamia kwangu.

Nimeulizia bei. Wanunuzi wamejaza maghala, wa Mwanza kaondoka. Elfu themanini. Wiki iliyopita laki na kumi. Leonidas alisema hivyo hivyo, neno kwa neno. Alijuaje?

Nimeuza makavu mia na thelathini kwa elfu themanini. Yaliyolowa nimeyauza kwa elfu arobaini kwa mtu wa chakula cha nguruwe, ambaye aliziba pua wakati wa kunilipa.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimekwenda kwa Shreya. Si kwa hiari. Jina langu likishakuwa kwenye kitabu kimoja, litakuwa linatafutana na ndugu zake kwenye vitabu vingine.

Nimemwambia siku sita kwa wiki. Nimemwambia pia habari za magunia, kwa kifupi, nikiacha mgambo. Akapiga hesabu ya kodi, nikalipa palepale, ikatoka risiti. Kisha akachukua kipande cha karatasi, akaandika namba mbili: kodi niliyokuwa naikimbia, na hasara niliyopata kwa kukimbia. Akanigeuzia. Sikuwa na miwani. Miwani ilikuwa mfukoni, lakini sikuwa nayo.

Mzee Bhagwanji hakucheka safari hii. Aliagiza chai ya maziwa, akaniambia kuna mwaka baba yake alificha mabunda ya vitenge kwa rafiki, na rafiki akafa, na mjane hakujua. Akasema mali ni kama maji ya kisima. Ukiyafunika sana, wewe mwenyewe hukumbuki kina. Kisha akanishauri nimrudishie Leonidas dume lake, ninunue mashine mpya, kinachobaki nikiweke benki, kama watu.

Ushauri mzuri. Niliunywa pamoja na chai. Nikajiuliza tu, kwa nini ananishauri mashine mpya, wakati anayeuza vipuri vya mashine ni yeye?

Jumatano, 18 Desemba

Yustina karudi. Nilikwenda mwenyewe Mtinko kumchukua, na nikampelekea Leonidas laki tatu na sitini, zimefungwa kwenye gazeti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia. Nimeyafanyia mazoezi toka stendi. Nilipofika nikasema shikamoo, wakati ni mdogo kwangu kwa miaka miwili.

Akacheka. Mke wake akaleta uji, nikanywa vikombe viwili. Hakuna aliyetaja geti. Leonidas alizipokea pesa bila kuzihesabu, akaziweka kwenye kofia, akaniuliza kama mashine imepona.

Njiani Yustina alinishika mkono kuvuka dimbwi, akauachia tulipofika ng'ambo, lakini si upesi. Akaniuliza nitafanya nini na zilizobaki, milioni kumi na kidogo. Akasema angependa mashine ya kuchuja, mafuta yetu yang'ae kama ya dukani, kisha akaunti yenye majina yetu mawili. Nikasema nitafikiria. Akasema, tufikirie wote. Nikasema sawa, wote.

Nimelala mchana, usingizi wa kweli, mdomo wazi. Kumbe Bhagwanji hakudanganya. Aliyelipa analala.

Ijumaa, 20 Desemba

Siku njema! Siku kubwa! Naandika upesi.

Jana kwenye soko la vitunguu nilikutana na bwana mmoja wa miwani myeusi, kavaa koti kwenye joto lote hili. Hakunifuata, mimi ndiye niliyemsikia akizungumza na mwingine kwa sauti ndogo, nikasogea. Ana mizinga ya nyuki sabini, msituni, mbali kupita Itigi. Asali Waarabu wanaililia. Mwenyewe anahamia Zambia, anaiuza mizinga yote kwa milioni tisa, yaani bure kabisa. Nilitaka twende nikaione. Akasema msimu huu nyuki wana hasira, hata yeye hawasogelei. Hilo likaniingia akilini mara moja. Ghala gani lina walinzi kama hao?

Lakini mimi si mtoto. Nimeshaumwa mwaka huu. Nilimpima kwa maswali saa nzima. Nilimuuliza asali ya mzinga mmoja ni lita ngapi, akasema inategemea. Nilimuuliza inategemea nini, akasema nyuki. Mtu mkweli. Tapeli angenitajia namba.

Leo asubuhi nimempa milioni nne za kuanzia. Alizihesabu mara mbili, na hilo pia nimelipenda, kuna watu hawahesabu, na mtu asiyehesabu pesa anaficha kitu.

Kisha akanishika bega. Akasema biashara hii ina wivu, neno hili lisitoke kati yetu wawili. Nisimwambie ndugu, wala mhasibu, na hasa lisimfikie mama watoto.

Machozi yalinilenga. Miaka yote hii natafuta mtu mmoja tu wa kumwamini katika Singida nzima.

Kesho saa mbili asubuhi nampelekea zilizobaki.